Tunahoji mizani ya mlanguzi, kipima pH chetu tunakiamini bure

MKULIMA ukitaka kumwona amekasirika, mwekee mizani yenye mashaka siku ya kuuza mazao. Ataulizia stika ya Wakala wa Vipimo, ataomba iletwe mizani nyingine, na wapo ninaowafahamu ambao huenda gulioni na jiwe lao la kilo mbili kwenye mfuko ili kujiridhisha. Sina ugomvi nao. Lumbesa imewanyonya wakulima wa nchi hii kwa miaka mingi, na anayedai kipimo cha haki anadai jasho lake.

Ninachoshangaa ni kwamba mkulima huyo huyo akirudi shambani anachukua kipima pH alichonunua miaka minne iliyopita, kilicholala kwenye droo pamoja na misumari na mbegu za mwaka juzi, anakichovya kwenye tangi la maji, anasoma namba, na kwa namba hiyo anamimina tindikali kwenye maji yatakayonywewa na miche yake yote. Hapo haulizi stika. Hana hata wazo kwamba kifaa kile nacho ni mizani, na kwamba mizani isiyohakikiwa hudanganya hata pale ambapo hakuna mtu mwenye nia mbaya.

Nasema hivi kwa sababu nilikuwa mmoja wao, na nililipa.

Sisi tunaolima chini ya Mlima Meru tuna maji yenye magadi. Wenyeji hawahitaji maabara kulijua hilo. Ni maji haya haya yenye floridi yanayoacha alama za kahawia kwenye meno ya watoto wetu. Magadi hayo, ambayo kitaalamu ni bikaboneti ya sodiamu, huyafanya maji mengi ya visima na chemchemi za huku yawe na pH ya 8 na kupita.

Kwa msomaji ambaye neno pH hulisikia kwa wauza dawa tu, hicho ni kipimo cha uchachu na ukali wa alkali, ambacho kwa kawaida husomwa kuanzia 0 hadi 14. Katikati ni 7. Chini ya hapo maji yana tindikali, juu ya hapo yana alkali. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba kila hatua moja ni mara kumi. Maji ya pH 5 yana tindikali mara kumi ya maji ya pH 6, na mara mia ya maji ya pH 7. Kwa hiyo kosa la namba moja kwenye kifaa hiki halifanani na kosa la kilo moja kwenye gunia.

Kwa mazao ya kitalu nyumba, hasa yanayooteshwa kwenye nyuzi za nazi badala ya udongo, maji yenye mbolea yanatakiwa yawe kati ya 5.5 na 6.5. Yakipanda sana, madini ya chuma, manganizi, zinki na fosforasi huwa yamo lakini mmea hauyapati. Majani machanga yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani, na mkulima anaongeza mbolea ambayo tayari ipo. Ukichanganya maji hayo na mbolea ya kalsiamu naitreti, chokaa inaganda ndani ya mipira ya matone na kuziba vitundu. Hata baadhi ya viuatilifu, malathion na dimethoate vikiwamo, hupoteza nguvu vikilala usiku kucha kwenye maji ya alkali kali, ukaamka asubuhi kupulizia kitu kilichokwisha.

Ndiyo sababu tunatia tindikali, ya fosforasi au ya naitriki, kushusha pH kabla ya kumwagilia. Na ukishaanza kutia tindikali kwenye maji ya mimea, uhai wa mimea hiyo umeuweka mikononi mwa kifaa chenye ukubwa wa mswaki.

Msimu ule nilikuwa na miche 2,400 ya pilipili hoho za rangi, mbegu chotara, zile zinazouzwa kwa kuhesabiwa punje. Kipima pH changu kilikuwa hakijaguswa tangu mwaka uliotangulia. Nikaweka betri mpya, kikawaka, nikafurahi. Kwenye maji ya kisima kikasoma 7.8. Nilizoea kuona 8.2, lakini nikajiambia labda mvua zimeyapunguza makali. Nikatia tindikali kidogo kidogo hadi kikaandika 6.0, nikafungulia maji.

Baada ya siku kumi miche ilikuwa imedumaa. Nilipong'oa michache nikakuta ncha za mizizi ni za kahawia. Nikaleta mbolea ya majani. Haikusaidia. Nikapulizia dawa ya ukungu, kwa gharama ambayo hadi leo sipendi kuikumbuka, na muda wote huo naendelea kumwagilia kwa yale maji niliyoyaamini.

Aliyeniokoa ni bwana shamba mmoja mstaafu aliyepita kununua mboga. Alitazama vitalu, akatazama tangi, kisha akauliza: "Kijana, hicho kifaa ulikihakiki lini mara ya mwisho?"

Nilikuwa sijawahi.

Alirudi siku ya pili na chupa mbili ndogo za bafa. Bafa ni maji yaliyotengenezwa kwa makusudi yawe na pH inayojulikana, na ambayo haiyumbi kirahisi. Hayo ndiyo mawe ya mizani hii. Tulipochovya kifaa kwenye bafa ya 7 kilisoma 7.2. Nikasema, si vibaya. Tulipokihamishia kwenye bafa ya 4 kikasoma 5.6, na hapo nikakaa chini.

Piga hesabu mwenyewe. Kutoka 7 hadi 4 kuna hatua tatu, lakini kifaa changu kiliona hatua moja na sehemu sita tu. Kilikuwa kimechoka, kila kitu kinakivuta kuelekea 7. Kwa hiyo pale kilipoandika 6.0, maji yalikuwa karibu na 4.75. Hiyo ni tindikali mara 18 hivi ya ile niliyodhani. Na wala haikuhitaji tindikali nyingi ya ziada kufika huko, kwa sababu maji ya magadi yana tabia hiyo: unamimina, unamimina, pH inashuka polepole, lakini magadi yakishamalizwa inaporomoka kama jiwe kisimani.

Theluthi moja ya miche haikuamka tena. Iliyobaki ilizaa kwa kuchelewa, soko la Krismasi likanipita.

Nikaenda mjini kwenye duka lililoniuzia kifaa kile. Kijana wa kaunta alikitazama mara moja tu, akasema, "Mzee, hiki kimeshakufa, chukua kipya." (Kwa bwana shamba mimi ni kijana, mjini ni mzee.) Nikamuuliza, hicho kipya kina bafa yake? Hakuna. Mnauza bafa peke yake? Hatuna. Maji ya kuhifadhia ncha yake? Akaniangalia kama niliyeomba maziwa ya kuku.

Kwa maneno mengine, nilikuwa naambiwa nitupe mizani isiyohakikiwa ninunue mizani nyingine isiyohakikiwa. Nikarudi nyumbani na kile cha zamani.

Na hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize, maana kifaa kile hakikuwa kimekufa. Kilikuwa kimekauka.

Ncha ya kipima pH ni kipira cha kioo chembamba sana. Kioo hicho hufanya kazi kikiwa kimelowa, kwa sababu ni ule utando wake wa nje ulioshiba maji unaopokea tindikali na kuzalisha umeme mdogo mno. Kwa joto la nyuzi 25, kila hatua moja ya pH ni kama milivolti 59, na kwenye pH 7 ni sifuri. Pembeni yake kuna tundu au kitambi kidogo kinachounganisha maji unayopima na chumvi iliyomo ndani, yaani kloridi ya potasiamu. Kioo kikikauka, au kikipakwa magadi na mafuta, au kile kitundu kikiziba kwa chumvi iliyoganda, kifaa kinakuwa kizito na kivivu. Skrini inawaka vizuri, namba zinatoka, na hapo ndipo hatari ilipo. Saa mbovu husimama ukaiona. Kifaa hiki kikiharibika kinaendelea kuongea.

Kukifufua si kazi ya mhandisi. Nilianza na betri. Vibetri vidogo vya mviringo vikiachwa humo mwaka mzima huvuja na kuacha ukungu wa kijani kwenye vyuma vinavyovigusa. Ukungu huo hutoka kwa pamba yenye siki kidogo, kisha ukausha kabisa kabla ya kuweka betri nyingine.

Baadaye nikatazama ncha kwenye mwanga wa jua. Kama kioo kina ufa, acha hapo hapo. Hakuna dawa ya ufa. Dalili yake ni kwamba kifaa husoma namba ile ile, mara nyingi karibu na 7, ukikitia kwenye siki au kwenye maji ya sabuni. Changu hakikuwa na ufa, ila kilikuwa na utando mweupe na chumvi imeota shingoni. Ile chumvi isikutishe, ni ya humo humo ndani na huyeyuka kwa maji.

Utando wa mafuta na mbolea nilioutoa kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo, nikizungusha kifaa ndani ya kikombe bila kusugua. Utando mweupe wa magadi na chokaa nilioutoa kwa siki nyeupe ya jikoni, dakika kumi tu, kisha nikasuuza. Usisugue kile kipira kwa kitambaa wala kwa kidole. Kausha kwa kugusisha karatasi laini. Watu wengi huua vifaa vyao kwa usafi.

Halafu ikaja dawa yenyewe, ambayo ni kulowesha. Inatakiwa kloridi ya potasiamu safi ya maabara, gramu 22.4 ambazo ukishaziyeyusha unaongeza maji yaliyotoneshwa hadi ifike mililita 100. Chumvi hiyo hupatikana kwenye maduka ya kemikali na vifaa vya maabara za shule, na kiasi hicho hakizidi vijiko vichache vya chai. Wakulima watauliza, kwani hiyo si ndiyo MOP tunayotia kwenye mihogo na mananasi? Ndiyo, ni jamaa yake. Lakini ile ya mfukoni, hasa nyekundu, ina uchafu na chuma ndani yake, na siwezi kumshauri mtu alowekee kioo. Ukikosa kabisa ya maabara, bafa ya 4 inaweza kukusaidia kwa usiku mmoja.

Kitu kimoja usifanye ni kukilaza kwenye maji yaliyotoneshwa ukidhani maji safi ndiyo mazuri. Maji hayo yananyonya chumvi ya ndani ya ncha na kukimaliza kifaa polepole. Na kwa kuwa maji yaliyotoneshwa tunayanunua kwenye maduka ya vipuri, niseme na hili: ukiomba "maji ya betri" unaweza kupewa mojawapo ya vitu viwili, maji ya kuongezea au tindikali ya salfa yenyewe. Soma chupa kabla hujafungua.

Nililaza changu usiku kucha, ncha ikiwa imezama ndani ya kifuniko nilichojaza maji yale ya chumvi. Asubuhi kwenye bafa ya 7 kikasoma 7.1, kwenye bafa ya 4 kikasoma 4.5. Nikakiloweka tena, safari hii nikaanza kwa kupasha yale maji ya chumvi hadi nyuzi 60 hivi, yaani ya kuunguza kidole lakini hayachemki, nikaizamisha ncha humo dakika kumi ili kuzibua kile kitundu, kisha nikaacha vyote vipoe pamoja. Asubuhi ya pili, 7.1 na 4.2.

Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo ya kutazama kabla hujagusa kitufe cha kurekebisha. Inatakiwa iwe 3.0. Changu sasa kilikuwa na 2.9. Kikiwa na 2.7 bado kinafaa kwa kazi yetu. Kikishindwa kupita 2.5 baada ya kuoshwa na kulazwa siku mbili, basi yule kijana wa kaunta alikuwa na haki, kizike. Tazama pia mwendo wake: namba inatakiwa itulie ndani ya dakika moja. Inayotembea dakika tano bila kusimama ni ya kifaa kinachokata roho.

Kurekebisha kwenyewe, ambako wataalamu wa viwango hukuita ugezi, ni kazi ya dakika kumi. Anza na bafa ya 7, subiri itulie, bonyeza kitufe au zungusha skrubu hadi isome 7.0. Suuza. Nenda bafa ya 4, fanya hivyo hivyo. Rudi kwenye 7 uhakikishe haijahama. Sisi wa maji ya magadi tunashawishika kutumia bafa ya 10, lakini maji tunayoyatafuta ni ya 5.5 hadi 6.5, na namba hizo zimelala kati ya 4 na 7. Tena bafa ya 10 ikishafunguliwa inavuta hewa ya ukaa na kushuka, kwa hiyo jiwe lenyewe la mizani linapungua uzito.

Bafa uliyoimimina kwenye kikombe usiirudishe kwenye chupa. Kwenye joto pia kuna jambo: namba zilizoandikwa kwenye pakiti ni za nyuzi 25. Vifaa vingi vina uwezo wa kufidia joto vyenyewe, ila visaidie kwa kuacha bafa na maji unayopima vikae kivulini hadi vilingane. Asubuhi ya Julai huku kwetu maji ya tangi yanaweza kuwa baridi sana, na bafa imetoka sebuleni.

Siku ambayo huna bafa kabisa, koroga kijiko cha bikaboneti ya soda ile ya jikoni kwenye glasi ya maji safi. Inatakiwa isome karibu na 8.3. Huwezi kurekebishia kifaa kwa hiyo, lakini inatosha kumkamata mwongo. Karatasi za kupimia pH nazo, ingawa hazioni chini ya nusu hatua, ningekuwa nazo siku ile zingeniambia kwamba maji yangu hayako 6.

Najua wapo watakaosema haya yote ni usumbufu, kifaa chenyewe ni rahisi siku hizi, nunua kipya kila mwaka. Sikatai kwamba ncha ya kioo ina umri. Mwaka mmoja hadi miwili ya kazi, hata ukiitunza, inaanza kuzeeka, na inazeeka hata ikiwa kwenye rafu ya duka. Hiyo ndiyo hoja yangu. Kile unachokiita kipya hujui kimekaa kwenye boksi muda gani, kikavuka bahari ndani ya kontena la joto, kifuniko chake kikiwa kikavu. Ukinunua, fungua kifuniko hapo hapo dukani. Kama sifongo yake imekauka kama gunzi, unanunua mgonjwa. Na hata kikiwa kizima, bila bafa hutajua.

Inafaa kukumbuka kifaa hiki kilitoka wapi. Neno pH lilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mkemia wa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg kule Copenhagen. Lakini aliyeifanya mita yenyewe iwe kitu cha kubebeka ni Arnold Beckman wa California, mwaka 1934, kwa sababu rafiki yake aliyefanya kazi na chama cha wakulima wa machungwa na malimau alikuwa anasumbuka kupima uchachu wa juisi ya malimau. Ni kifaa kilichozaliwa kwa shida ya wakulima. Sisi tumekichukua, tukaacha mawe yake ya mizani nyuma.

Wenye maduka ya pembejeo nawasema kwa upendo, maana bila wao hatulimi. Pakiti ya unga wa bafa ni ndogo kuliko pakiti ya mbegu za mchicha, haiozi wala haihitaji friji, na unayeyusha tu kwenye kiasi cha maji yaliyotoneshwa kilichoandikwa, mara nyingi mililita 250. Kila unayemuuzia kipima pH anaihitaji mara nyingi kwa msimu. Mfanyabiashara anayeuza kifaa bila bafa anauza tochi bila betri, na anakosa mteja wa kurudi rudi. Atakayeanza kuweka pakiti za 4 na 7 kaunta, pamoja na kichupa cha maji ya kuhifadhia, na akamfundisha kijana wake kuonyesha matumizi kwa dakika kumi, atanipata mimi na wenzangu wengi. Wala isiwe vigumu kwa duka kuwa na siku moja ya wiki ambayo wakulima wanaleta vifaa vyao vihakikiwe kwa ada ndogo. Fundi saa aliishi kwa kazi kama hiyo.

Vikundi navyo vina nafasi. Kikundi cha wakulima kumi hakihitaji bafa kumi. Kinahitaji seti moja, mtu mmoja makini wa kuitunza, na daftari. Maofisa ugani wetu wakipewa chupa mbili hizo kwenye mkoba, watatibu magonjwa mengi yanayoitwa ukungu na upungufu wa mbolea ambayo siyo. Yule mstaafu hakutumia kitu kingine.

Hata hivyo nisikudanganye kwamba kifaa kikishakuwa kizima kazi imekwisha. pH inakuambia maji yako wapi, haikuambii yana magadi kiasi gani. Visima viwili vyenye 8.2 vinaweza kuhitaji tindikali tofauti kabisa, na hapa ndipo jirani anapomharibia jirani kwa kumpa kipimo chake. Fanya hivi: chota maji yako kwenye ndoo ya plastiki ya lita 20, vaa glavu na miwani, tia tindikali kwa bomba la sindano mililita moja moja, koroga, subiri, pima, andika. Kiasi kilichoifikisha ndoo 6.0 zidisha mara 50, hicho ndicho cha tangi la lita 1,000. Kisha iache ndoo hadi kesho yake na upime tena, kwa sababu magadi yakikutana na tindikali hutoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo ikiendelea kutoka, pH hupanda kidogo. Siku zote tindikali ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye tindikali. Na ile ya betri kuukuu ya gari, ambayo nimesikia wengine wakiisifia kwa urahisi wake, ina risasi ndani. Mboga hizo utamlisha nani?

Udongo ni habari nyingine. Usichome kile kipira cha kioo ardhini, utakivunja. Na vile vipimo vya vyuma viwili visivyo na betri, vinavyouzwa kwa kuchomekwa shambani, mimi sijawahi kuona viwili vinavyokubaliana kwenye shimo moja. Udongo upeleke kwa wenye kazi hiyo, TARI Mlingano kule Tanga au maabara ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Kifaa changu bado ninacho. Ubavuni nimebandika plasta nyeupe na kuandika tarehe ya kila ugezi, plasta ikijaa nabandika nyingine. Wakati wa msimu ni kila wiki, na kila mara kabla ya kuchanganya tangi jipya la tindikali. Kifuniko kina maji ya chumvi muda wote. Jumamosi iliyopita, kabla sijagusa kitufe, kilisoma 7.0 na 4.1.